Bustani Isiyokauka

Sokoni Sake, vita vikiwa bado mbali vilimani, Kaswera alikuwa dukani kwa baba yake akichaji simu za watu, amevaa kitenge cha kijani kilichompendeza mpaka wateja wakasahau walichofuata. Kijana mrefu mwenye daftari akasimama mbele yake.

"Dada, unachezaka jeu mu telefone?"

"Kaka, unaona sina kazi?"

"Ya kwangu njo hiyo kazi. Niko naandika travail ya université: kwa nini watu wanaanza jeu, kisha wanaiacha. Iko bustani tu. Kila siku unaingia, unamwanga maji."

Huyo ndiye Jérémie, mzaliwa wa kijiji cha Buleusa. Aliandikisha watu thelathini pale sokoni. Siku ya pili walibaki kumi na wanane. Wiki ya pili, watano. Mwezi ulipokwisha alirudi akicheka.

"Umebaki wewe peke yako. Niandike jeu iko muzuri?"

"Andika kweli. Jeu iko mubaya. Mwenye kuileta njo muzuri."

Basi wakapendana, tena sana. Bustani zao zilitazamana simuni, kila mmoja akiiona ya mwenzake, wakaahidiana: atakayeiacha yake ikauke, amemwacha mwenzake.

Mapigano yakasogea. Jérémie akaenda Buleusa kumchukua mama yake, na simu yake haikupatikana tena. Kaswera alilia wiki nzima, akidhani amekufa. Kumbe bustani ya Jérémie inamwagiliwa kila asubuhi! Kilio kikageuka hasira: mtu yu hai, ana mtandao, ila hapigi. Siku ya arobaini akamwambia baba yake kwamba yule mwanamume wa Butembo aliyekuwa akimposa siku zote aje tu Jumapili. Lakini bustani yake mwenyewe hakuthubutu kuiacha.

Jumamosi, Jérémie alitokea dukani, viatu vimeraruka, mama yake nyuma.

"Ulikuwa unamwangia maua maji, mimi unaniacha nilie?"

"Si mimi, chérie. Mu barrière, kule wenye bunduki wanasimamisha watu njiani, wangeninyanganya telefone. Nilimuachia dada yangu Mapendo kule Goma, nikamwambia asikose hata siku moja. Puce yenye namba yangu nikabeba, yeye akatia yake; nikasema nitaazima telefone Buleusa. Kumbe kule réseau hakuna, simu haitoki!"

Kaswera alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja.

"Kesho wageni wa Butembo wanakuja."

"Ile jeu kila siku inatuambia turudi kesho. Mimi nimechoka kurudi, Kaswera. Nataka kubaki. Unioe... aah, nikuoe!"

Kaswera akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akageukia ndani.

"Papa! Leta kiti, mama mukwe wangu amesimama."