Aline na Swali la Asidi

Harufu ndiyo iliyotangulia. Naomie alikuwa mezani sebuleni, mchana wa jua kali, akifanya maswali ya kemia ya miaka iliyopita kujiandaa na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, mara sakafu ya saruji ikaanza kunuka matope ya mto. Akaipapasa kwa mguu. Ilikuwa kavu.

Maswali aliyasoma kwa sauti. Ndivyo walivyozoea yeye na Aline, rafiki yake, finaliste mwenzake wa darasa la mwisho, mpaka mvua ilipoufurisha mto Mulongwe na maji yakabeba nyumba ya kina Aline, naye akiwa ndani. Walimtafuta ufukoni mwa ziwa hadi kijiji cha Makobola. Hawakumpata, na matanga yalikaliwa bila jeneza.

Akasoma: asidi ya sulfuriki, 0,05 mola kwa lita, tafuta pH. Kabla hajaandika kitu, mtu akanong'ona nyuma ya kabati: "Moja virgule tatu," yaani 1,3.

Naomie akaganda. Jibu lilikuwa la makosa, na kosa lilikuwa la Aline, ambaye kila mara alisahau kwamba asidi ile hutoa protoni mbili, si moja. Naomie alikuwa akimcheka sana kwa hilo.

Tangu hapo kila alipofungua maswali yake ile harufu ilikuja, kisha matone yasiyoonekana yakaanza kudondoka karibu na kiti chake, kisha pumzi baridi ikamgusa shingoni kama ya mtu anayechungulia karatasi begani kwa mwenzake, na sauti ile ikajibu, ikakosea, ikajibu tena, hata siku moja mama yake, Félicité, alipokuwa akisonga ugali uani, akasikia wasichana wawili wakisoma ndani, akaingia, akamkuta Naomie peke yake, amefunga mdomo, machozi yanamtiririka.

Félicité akamwita Mama Pétronille, mwombezi wa mtaani. Huyo alisema ni jini la ziwa limevaa sauti ya marehemu. Akapaka mafuta milangoni, akalikemea mpaka kitenge chake kikalowa jasho. Kutoka nyuma ya kabati kikasikika kilio cha chini, cha mtoto anayefukuzwa bila kujua kosa lake.

"Haitoki," Mama Pétronille akanong'ona. "Iko inangoja kitu kwako, binti."

Naomie akavuta kiti karibu na kabati.

"Aline, sikiliza. Hii asidi iko inatoa protoni mbili. Zidisha kwanza. Sifuri virgule sifuri tano mara mbili, unapata sifuri virgule moja. Sasa pH iko ngapi?"

Matone yakakoma.

"Moja," sauti ikasema.

"Ndiyo. Moja."

"Nimeelewa. Exetat iko lini?"

Naomie alimtazama mama yake, naye akainamisha kichwa.

"Weye hautaifanya, dada. Maji ilikubeba. Ulikufa."

"Minye? Minye nilikufa?"

Sauti haikuuliza tena. Mlango ukafunguka wenyewe taratibu, na harufu ya matope ikatoka, ikapita uani, ikateremka na njia ya kuelekea ziwani, na mbwa wa jirani wakaikwepa mmoja mmoja bila kubweka.

Matokeo yalipotoka Naomie alikuwa amefaulu. Vijana wa mtaa wakammwagia poda nyeupe kichwani, kama wanavyofanyiwa wote waliofaulu Exetat, wakamtembeza wakiimba. Bernardine, mama yake Aline, aliwangoja kando ya barabara. Akamvuta Naomie pembeni.

"Wananiambia alikuja kwenu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Alinitaja?"

Naomie aliikumbuka sauti ile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ilikuwa imeuliza habari za mtihani tu.

"Alikutaja," akasema. "Alisema nikusalimie."

Bernardine akaitikia kwa kichwa polepole. Akachota poda kidogo kwenye nywele za Naomie, akajipaka kwenye paji lake la uso.

"Minye pia nilizaa finaliste," akasema, akageuka kwenda zake.

Wale vijana hawakuimba tena.