Kijiti na Barua Mbili za Chuo

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la nne, lakini nguo naijua. Ukiniletea gauni la dukani, siliangalii kwa nje. Naligeuza kwanza nione mishono. Nje kila gauni linang'aa.

Asubuhi hiyo ya Jumatano nilikuwa napinda sketi ya mteja. Mwanangu, ambaye ni fundi rangi, alikuwa bado hajaenda kazini. Alikaa kwenye kiti cha wateja na ovaroli yake yenye madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka. Mkononi alishika simu ya binti yake.

Binti huyo tunamwita Kijiti kwa wembamba wake. Alikuwa amemaliza shule, akafaulu, na alitaka kusoma shahada ya fedha. Vyuo vikuu viwili vilimkubali. Ilibidi athibitishe kimoja kabla ya Ijumaa jioni. Ukishathibitisha, kugeuka ni mpaka mwaka unaofuata.

"Hapa hakuna cha kufikiri," mwanangu alisema. "Ni hiki chenye lango kubwa. Mama, hebu tazama jengo! Rangi ile imepigwa mikono mitatu. Laini kama yai."

"Na kile kingine?" nikauliza.

"Kile? Kuta zinabanduka. Chuo gani kinashindwa kununua rangi?"

Kijiti alikuwa anashona vifungo karibu yangu. "Wenzangu nao wananicheka," alisema. "Eti nikienda kile, nitasoma na mijusi."

"Mijusi ina kosa gani, mke mwenzangu? Si inakula mbu?" nikamtania.

Tukacheka. Lakini niseme kweli. Hata mimi moyo wangu ulishalipenda lile lango. Mimi, fundi mzima!

"Haya, bonyeza tumalize," nikamwambia mwanangu.

Kidole chake kilikuwa kimeshanyanyuka tuliposikia hodi. Mwenye sketi alikuwa amefika. Yeye ni mkaguzi wa hesabu benki. Mtaani anaitwa Mama Kalamu, maana kalamu haimtoki nyweleni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetukuta tunachagua chuo."

Nikamweleza habari yote. Akamtazama Kijiti. "Na mmechagua kwa kuangalia nini?"

Mwanangu akakohoa. "Jengo," akasema polepole.

Mama Kalamu hakucheka. "Fundi, nikuulize. Ukuta una ufa, mwenye nyumba anataka rangi tu. Utafanyaje?"

"Ni hela yake. Nitapaka."

"Na ufa?"

"Ufa utabaki pale pale."

"Basi chuo ni hivyo hivyo. Kabla ya kubonyeza, tafuta ithibati. Ni ruhusa rasmi ya kufundisha kozi. Na angalia kozi yenyewe, siyo chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha sheria, lakini ya fedha kikawa hakijapata."

"Kikiwa hakijapata?" Kijiti aliuliza.

"Unaweza kusoma miaka mitatu, ukatoka na cheti ambacho mwajiri anakirudisha mezani. Nimewaona watu wakilia ofisini kwetu."

Kijiti alijichoma sindano. Akakiweka kifungo chini.

Mama Kalamu alichukua simu, akafungua orodha ya tume inayosimamia vyuo. Chuo cha lango kubwa kilikuwamo. Kozi ya biashara ilikuwamo. Sheria ilikuwamo. Fedha haikuwamo. Tukasoma tena, mwanangu akipitisha kidole mstari kwa mstari. Haikuwamo.

Chuo cha kuta zinazobanduka? Kilikuwamo, na kozi ya fedha ilikuwamo.

"Lakini msiishie kwenye simu," Mama Kalamu alisema. "Orodha huchelewa wakati mwingine. Nendeni mkaulize wenyewe. Ulizeni ithibati. Ulizeni kama wanafunzi wanapelekwa kufanya kazi kwa vitendo, na wapi. Ulizeni kama bodi ya wahasibu inawasamehe baadhi ya mitihani yake wanaomaliza pale. Kisha mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Huyo hana sababu ya kuwapamba."

Alhamisi nilifunga cherehani, nikaenda na Kijiti. Kwenye lango kubwa tulipokewa vizuri, tukapewa na maji baridi. Kijiti akauliza swali lake.

"Ithibati ya kozi ya fedha iko mbioni," afisa alijibu.

"Tangu lini?" nikauliza mimi.

Akashika tai yake. "Tangu mwaka jana, bibi."

"Mbio gani hizo zisizofika?"

Yule kijana akacheka, akainama. Hakutudanganya, nilimshukuru. Ila tulishapata jibu.

Chuo cha pili hakikuwa na maji baridi. Lakini ithibati ya kozi ilibandikwa ukutani, na tarehe ya mwisho wake ilikuwa bado mbali. Barua ya bodi ya wahasibu ilikuwa kando yake. Nje tulimkuta binti wa mwaka wa tatu.

"Kompyuta hazitoshi," alituambia. "Ukitaka yako, wahi asubuhi. Ila walimu wanafundisha. Mimi nimefanya kazi kwa vitendo miezi miwili benki, na wameniambia nirudi."

"Na mijusi?" Kijiti aliuliza.

"Ipo. Imezoea."

Jioni hiyo Kijiti alibonyeza mwenyewe. Mwanangu alishusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. "Mama," akasema, "kidole hiki kilibakiza unywele mmoja tu."

"Ni sketi ya watu iliyotuokoa," nikamjibu.

Chuo cha lango kubwa si kibaya. Jirani yetu anasoma sheria pale, naye yuko salama, maana kozi yake ina ithibati.

Mwaka huu Kijiti amemaliza. Wiki iliyopita barua ilikuja kutoka bodi ya wahasibu. Amesamehewa mitihani minne. Aliisoma kwa sauti, mimi nikaacha kukanyaga cherehani nipate kusikia vizuri. Kisha baba yake akaichukua, akaigeuza nyuma, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, unatafuta nini huko?"

"Mishono," akasema.

Akairudisha, akitabasamu. "Imeshonwa vizuri."