Funguo za Kiunoni

Majirani walimwita Mama Funguo. Funguo zote za nyumba yake ya wageni zilining'inia kiunoni mwake. Ukisikia mlio wake, kama umekaa, ulisimama ufanye kazi.

"Marehemu mume wangu aliniachia hizi," alisema. "Hata usingizini ninazo."

Mwanawe alikuwa mpishi. Mke wa mwanawe alipokea wageni waliokuja kuona maporomoko ya maji. Watu walimwita Mkwe.

Asubuhi moja Mama Funguo alikwenda sokoni. Huku nyuma, mafuta yakashika moto jikoni. Mpishi akayamwagia maji. Loo! Moto ukaruka hadi kwenye pazia. Mpishi akakimbilia ndoo. Mkwe naye akakimbilia ndoo ileile.

Moshi ukajaa chumba cha nyuma, alimokuwa bibi mmoja mgeni. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa sokoni. Bibi wa watu alitolewa dirishani akikohoa. Moto ulizimwa kwa shida. Wageni walipouliza, Mpishi alisema, "Ni moshi kidogo tu." Jioni wote walihama.

Mama Funguo alilia. "Nyumba ya mume wangu inanifia mikononi!"

Jirani yao, mwanamke aliyestaafu kazi ya zimamoto, alikuja kuwapa pole. Walimwita Afande.

"Mama, nikikwambia ukweli utakasirika?"

"Nikikasirika utakuwa umeshakunywa chai yangu. Sema."

"Hamkuwa na mpango. Wawili mkagombea ndoo moja, wageni wakakosa mtu. Siku ya moto si siku ya kuulizana. Gawaneni kazi leo. Mpishi, mafuta yakiwaka usimwage maji. Zima gesi, funika sufuria. Moto ukikushinda, toka ufunge mlango, uwapigie zimamoto. Mkwe, gonga kila mlango, toa watu. Wote mkutane kwenye tangi la maji kule nje, mhesabiane. Na wageni waambieni kweli. Mgeni akifichwa jambo, harudi."

"Na mimi?"

"Wewe mama, legeza kiuno!"

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Funguo.

"Mlango wa nyuma uwekeeni komeo la ndani," Afande akaendelea. "Na kila chumba kiwe na ufunguo wa akiba mapokezi."

"Nitaona nimemtupa mume wangu," alisema Mama Funguo polepole.

Mkwe akamshika mkono. "Mama, baba alikuachia na sisi pia."

Komeo likawekwa, funguo za akiba zikachongwa. Za kiunoni hakuzivua. Wakaanza kufanya mazoezi, na kila mgeni mpya alionyeshwa mlango wa nyuma na tangi. Mpishi aliona haya mwanzoni kuwatajia wageni habari za moto, halafu akazoea.

Wageni wakaanza kurudi. Kisha siku moja Mama Funguo akashikwa na homa. Alikunywa dawa, akajifungia chumbani, akalala fofofo, funguo zikiwa kiunoni. Mchana ule waya wa umeme ukaungua stoo.

Mpishi alizima swichi kuu, akafunga mlango wa stoo, akapiga simu. Mkwe aligonga milango. Wageni wakatoka. Mlango wa Mama Funguo ukabaki kimya.

"Mama! Mama!"

Mkwe akachukua ufunguo wa akiba mapokezi, akafungua. Moshi ulikuwa umeanza kuingia. Akamwinua mama, wakatokea mlango wa nyuma.

Penye tangi wakahesabiana. Wote walikuwapo.

"Waya umeungua stoo," Mkwe aliwaambia wageni. "Zimamoto wako njiani. Msiingie mpaka waturuhusu."

Stoo iliungua, vyumba vikapona. Hakuna mgeni aliyehama.

Mama Funguo aliutazama ule ufunguo mkononi mwa Mkwe. Machozi yakamtoka. Akafungua fundo kiunoni.

"Chukua, mwanangu. Nimechoka kuwa kengele."

"Tutazitundika mapokezi, mama. Kila mmoja wetu azifikie."

Huko ndiko ziliko mpaka leo. Mpishi peke yake ndiye anayelalamika. "Siku hizi mama hana mlio," anasema. "Unageuka tu, yuko nyuma yako!"