Mkono wa Koti la Kinyozi

Kifungo akitoka shule, hakuna aliyeuliza yuko wapi. Alikuwa chini ya meza ya cherehani ya mama yake, kichwa kimezama ndani ya gunia la vipande. Jina hilo alipewa na majirani, kwa jinsi alivyookota vifungo tangu anatambaa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mabaki ya lile gunia alitoa mikoba, vibanio vya nywele, hata mikanda, akichanganya na mipira ya baiskeli.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na haikukosa watu. Wengine walileta nguo, wengine umbea tu. Bibi alikaa karibu na mlango, mkasi mkononi, akikatakata nguo kuukuu zisizo na mwenyewe na kuzitia guniani. Sheria ilikuwa moja: nguo ya mteja hubandikwa kikaratasi kwa pini; kilichomo guniani ni cha Kifungo.

Jumatatu moja alikuta koti la buluu limetupiwa kitini, kikaratasi kimedondoka. Mkono wake mmoja ulikuwa umening'inia hadi ndani ya gunia. Kitambaa kizito, laini, kile kile alichokuwa akikitafuta kwa ajili ya maonyesho ya shule.

Kifungo alilijua koti lile. Alikuwapo kinyozi wa mtaani alipolileta. Lilikuwa la marehemu baba wa kinyozi, naye alitaka lipunguzwe alivae siku ya kumwoza binti yake.

"Lakini mkono umo guniani," alijiambia. "Na cha guniani ni changu."

Hata yeye aliona hoja hiyo inachechemea. Akaukata mkono kwenye kiwiko. Akashona upande mmoja, akatia vifungo vitatu na mkanda wa mpira. Kesho yake mkoba ukaenda shuleni.

Alhamisi mama alilichukua koti alishone. "Mungu wangu! Mkono uko wapi?"

Wapiga soga wote waligeuza shingo. Bibi alilipapasa koti.

"Ni mimi, mwanangu," alisema taratibu. "Nani mwingine hukata nguo hapa? Macho haya yameniaibisha."

Mama akaamini. Akauchukua mkasi mkononi mwa Bibi. "Pumzika sasa, mama."

Kifungo alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno, akageuka na kutoka nje.

Ijumaa, siku ya maonyesho, mkoba ukawa gumzo la shule. "Una mikono ya dhahabu," mwalimu alimsifu. Rafiki yake akamvuta pembeni. "Shoga, nishonee na mimi, nitakubebea madaftari mwezi mzima! Kitambaa umekitoa wapi?"

"Guniani," Kifungo alijibu, akitazama chini. Kila sifa ilimchoma kama mwiba.

Nyumbani alimkuta Bibi pale pale mlangoni, mikono mitupu mapajani. Watu wakicheka, yeye alichelewa kucheka.

"Mjukuu wangu, hebu nitazame. Gauni sijaligeuza ndani nje?"

"Hapana, Bibi. Uko sawa."

"Una hakika? Siku hizi sijiamini."

Kifungo akakimbilia uani, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Jumamosi kinyozi alifika, uso umejaa furaha. "Fundi, harusi ni wiki ijayo. Niambie koti liko tayari!"

"Kaa kwanza, kinyozi," mama alisema. Bibi akajikongoja kusimama ili aombe radhi.

Kifungo hakuweza tena. Alitoka chumbani na mkoba. "Bibi, kaa. Si wewe, ni mimi. Nilijua ni koti la mjomba huyu, nikalikata."

Kinyozi aliupokea mkoba, akaupapasa kwa kidole. "Nimefuata koti, napewa mkoba," alisema. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Mama akamkata jicho.

"Umemwacha bibi yako abebe mzigo wako?" mama alimgeukia Kifungo. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mpeni wembe," Bibi alisema. "Afumue mwenyewe."

Alifumua uzi kwa uzi, machozi yakidondokea kitambaa. Mama akalipunguza koti na kuurudisha mkono mahali pake, lakini mshono ulionekana. Kwa sauti ndogo, Kifungo akapendekeza waufunike kwa utepe wa ngozi wa pochi iliyochakaa, kwenye mikono yote miwili. Wakafanya hivyo. Kinyozi akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo.

"Watasema mzee kaenda na wakati," alisema, akacheka kidogo. "Lakini mwanangu, siku nyingine niulize kwanza."

Mama akamrudishia Bibi mkasi. Kifungo akapiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Koti limeshoneka," Bibi alisema. "Lakini mimi nilikaa hapa nikiiogopa mikono yangu mwenyewe, na wewe ulikuwa unaniona. Kukipa uhai kilichotupwa ni akili, mjukuu wangu. Ila kabla ya kutia mkasi, uliza kwanza nani amekitupa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukweli ukiulaza, anaumia asiyehusika."

Akamsogezea kigoda. "Haya, kaa hapa. Nitungie uzi sindanoni, kazi imelala siku mbili."