Aliyembonyezea Bi Fundi Vitufe

Kompyuta, pamoja na akili zake zote, haikujua kubahatisha. Ukitaka ikupe sifuri na moja zisizo na mpango wowote, za kutengenezea funguo za siri, uliiandikia amri, kisha ukabonyeza vitufe hovyohovyo mpaka ishibe. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Fundi, aliyebaki peke yake ghorofani tangu wenzake wahamie ofisi mpya. Siku nzima hapati hata wa kumwambia pole.

Asubuhi moja aliandika amri, akaenda kuchemsha chai. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imeshiba.

"Labda nilibonyeza nikasahau," alijiambia. Mpweke hakosi la kujifariji.

Kesho yake aliandika amri, akakunja mikono, akatazama. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, kibodi ikaanza kulia, ta, tata, ta, vitufe vikizama na kuinuka bila mkono, sifuri na moja zikimiminika kwenye skrini, naye nywele zimemsimama, asijue akimbie au apige kelele, na akipiga kelele atasikiwa na nani.

Alimpigia dada yake, akanong'ona. "Dada, humu ndani kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Ananisaidia kazi."

"Mdogo wangu, toka humo! Namleta mganga."

Mganga alifukiza, akasikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Jini huyu ni mpweke, kaona mpweke mwenzake. Mfukuze mwenyewe, kwa kinywa chako. Lakini ukimwita tena, hatakaa kwenye kompyuta. Atakaa ndani yako."

"Toka," alisema Bi Fundi. Harufu ya udongo ikakatika. Dada akamkumbatia, akaondoka na mganga wake.

Siku iliyofuata aliandika amri, akasubiri. Kimya. Alimpigia dada, dada alikuwa na shughuli zake. Mchana ukapita, chai ikapoa, na upweke ukambana kifuani kuliko hofu ilivyowahi kumbana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni gani.

"Rudi basi," alisema kwa aibu.

Vitufe havikutikisika. Vidole baridi vilipenya katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, vikamshika mkono, na baridi ikaanza kupanda, kiwiko, bega, ikielekea moyoni. Bi Fundi alikuwa akilia, lakini mkono hakuuachia.