Waya wa Tano kwenye Pijo la Mzee Ebenezeri

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo Kibosho siku hiyo, nimekalia tairi bovu, ndizi ya kuchoma mkononi, na macho yangu haya huona sindano ikidondoka Bomang'ombe. Anayebisha abishe, lakini akabishie mbali.

Fundi Wenseslaus wa Soweto, mtaa wa kule mjini chini, alipanda mlimani saa nne asubuhi, jua zuri, kilele cheupe kama kimefuliwa. Alikuwa fundi umeme wa magari, na hakuna gari lililowahi kumshinda. Alisema hivyo mwenyewe, kila siku. Aliyemwita ni Theodory. Baba yake, Mzee Ebenezeri, alikuwa amezikwa mgombani wiki tatu nyuma, na tangu hapo Pijo lake kuukuu liligoma kuwaka. Mnunuzi alikuwa analisubiri Bomang'ombe.

Mama Mektrida, mjane wa mzee na mama yake Theodory, alisimama mbele ya boneti.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Mwambie huyo Theodory akapige magoti kaburini kwanza."

Kwenye usukani alikuwa amefunga jani la isale. Kwa Wachagga isale ni msamaha: ukiletewa, hata na adui, unapokea. Mzee alipokuwa kufani alimpelekea mwanawe isale ili wamalize ugomvi wao. Theodory alilirudisha. Sasa mama alitaka alipeleke yeye kaburini, kabla gari halijatoka.

"Maiti ana mikono ya kupokea?" Theodory akasema. Akalikata jani kwa koleo la fundi, akafutia kutu ya betri.

Mama hakulia. Alitema mate chini, akaingia ndani, akafunga komeo.

"Kazi, fundi!" Theodory akafoka. "Au umefuata pombe ya mbege?"

Wenseslaus akatoa testa yake, ile yenye kitaa. Betri nzima. Umeme unafika kwenye swichi ya ufunguo, ila hautoki kwenda kwenye koili, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Ugonjwa wa kitoto huo. Akafungua swichi. Nyaya nne, kama alivyozijua.

Na wa tano. Mweusi.

Akachomoa terminali ya betri asije akapiga shoti, akaugusa ule wa tano kwa testa.

Kitaa kikawaka.

Akatazama betri. Terminali ilikuwa mkononi mwake.

Akaufuata waya kwa vidole. Ulipita chini ya sakafu ya gari, ukatokeza kwenye majani, ukaingia mgombani. Ulikuwa na joto, kama mkono wa mtu. Uliishia kaburini. Hapana, haukuishia. Uliingia.

"Theo," akanong'ona. "Tuliache hili."

"Limekushinda? Nikutangaze Soweto nzima?"

Hapo ndipo alipokosea. Angesema ndiyo, limenishinda, yangeisha. Lakini mtu wa sifa bwana! Akarudi, akaunga ule waya kwenye koili.

Gari likawaka. Hakuna aliyegusa ufunguo.

Theodory akacheka, akarukia usukani, akaondoka. Fundi akangoja waya ukatike. Haukukatika. Ulitoka udongoni taratibu, kama uzi kwenye kibiringo, ukilifuata gari mpaka konani. Ukasimama.

Kisha ukaanza kurudi.

Polepole. Kaburi likiumeza. Ncha yake ilipofika, ilikuwa imefunga ufunguo wa gari. Na jani la isale. Zima, bila alama ya koleo.

Vyote vikazama.

Pijo lilikutwa konani, milango imefungwa kwa ndani, injini inanguruma. Theodory alipatikana jioni bondeni, mzima, amepotewa na sauti tu.

Wenseslaus siku hizi anauza mitumba. Testa yake inaning'inia msumarini, haigusi chochote. Kila saa sita mchana, saa ile ile Pijo lilipowaka, kitaa kinawaka. Nimekiona.

Yote ni kweli tupu. Chumvi nimetia mahali pamoja tu, kwa sababu Mama Mektrida huomba asomewe ninayoandika, na bado anamwekea mwanawe chakula: pale niliposema Theodory alipatikana. Ukimsomea, ishia kwenye testa.