Wimbo wa Mara ya Pili

Siku hiyo Dolina aliamka salama na kushinda salama. Alilisha kuku, akaoka mikate ya shayiri, na alasiri akampigia pasi binti yake Raonaid sketi ya kwendea makumbusho. Kisiwani kwetu, magharibi ya Uskochi, jumba la makumbusho liliandaa jioni ya picha, fidla na nyimbo za kuwaenzi wanawake wa zamani. Dolina na wenzake waliombwa waonyeshe jinsi bibi zetu walivyokanda kitambaa: wanawake huizunguka meza ndefu, wakakipigapiga kitambaa cha sufu kilicholowa huku wakiimba, mpaka kikaze na kuzuia upepo.

Kitambaa chenyewe alikifuma Dolina kwa mikono yake. Kilikuwa cha koti la Raonaid, aliyekuwa aolewe kiangazi na Uilleam, fundi wa boti. Raonaid ndiye mtoto wake wa pekee, na baba yake alishafariki siku nyingi.

Kazi ilianza kwa furaha. Peigi, mwenye sauti nzuri na anayejua kwamba anayo, ndiye aliyeongoza. Wakafika kwenye wimbo wa kuozesha, ule ambamo msichana hutajwa pamoja na mwanamume wake ili watu wamcheke.

"Raonaid tumempa nani?" aliimba Peigi.

"Tumempa Uilleam, anayenuka lami," wenzake wakaitikia.

Raonaid, aliyekaa mstari wa mbele na mchumba wake, alijifunika uso kwa aibu. Ukumbi mzima ulicheka na kupiga makofi.

"Rudieni huo huo," aliomba Bi Alison, msimamizi wa makumbusho, mgeni kutoka bara. "Watu wameupenda."

Kwetu wimbo haurudiwi juu ya kitambaa kile kile. Hakuna aliyewahi kutuambia kwa nini. Mama zetu walitutolea macho tu, nasi tukafyata ulimi. Dolina alifungua kinywa akatae. Lakini Peigi, Mungu amsamehe, hajawahi kuyapa mgongo makofi. Alishaanza.

"Peigi, acha," Dolina alimnong'oneza.

"Tulia, shoga. Wimbo tu huu."

Kuacha kitambaa katikati nako ni mkosi, kwa hiyo mikono ikafuata. Meza ikadunda. Dolina alihisi kitambaa kimekuwa kizito. Kilikuwa kinavutwa. Kilivutwa kutoka ncha ya meza ambako hapakukaa mtu. Maji waliyoyamimina wenyewe yalikuwa ya moto, yenye sabuni. Sasa yalikuwa baridi. Yalinuka mwani.

"Raonaid tumempa nani?"

Wanawake hawakuitikia. Aliyeitikia ni mwanamke mwingine, mwenye sauti nzito, kutoka ile ncha tupu.

"Tumempa Tormod, aliyelala chini ya maji."

Kisiwani hatukumjua Tormod yeyote. Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Raonaid naye alicheka. Peigi hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepauka, na mikono yake iliendelea kupiga meza kama ya mtu aliyeshikwa viwiko.

Ilibaki baraka. Kitambaa kikishakandwa hugeuzwa, akatajwa atakayekivaa, na yote yaliyoimbiwa humo yakawa yake. Asipotajwa mtu, kinabaki cha yule aliyefumiwa. Dolina alimtazama mwanawe akimnong'oneza Uilleam sikioni.

Alikigeuza kitambaa.

"Hiki ni cha Dolina," alisema. "Ni cha Dolina peke yake."

Kule kwenye ncha tupu kitambaa kikalegea. Kilikuwa kimeachiwa.

Njiani Raonaid alinuna.

"Mama, umeninyang'anya koti mbele za watu?"

"Nitakufumia jingine, mwanangu. Zuri kuliko hilo."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi tu."

Dolina alikitundika kitambaa kwenye banda, mbali na nyumba, akafunga mlango kwa komeo. Alimwombea mwanawe, akapanda kitandani akijua hatapata usingizi. Akalala fofofo.

Asubuhi Raonaid alimletea chai, kwa kutaka yaishe. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Hakuingia.

Dolina alifuata macho ya binti yake. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akilala upande wa ukutani, na ule upande mwingine hakuugusa. Sasa mto wa upande ule ulikuwa umebonyea. Ulikuwa chepechepe. Shuka lilikuwa na mchanga. Blanketi lilikuwa limefunuliwa taratibu, vile anavyolifunua mwanamume anayetoka alfajiri kwenda kazini na hataki kumwamsha mkewe.

"Mama," Raonaid alinong'ona, "nani alikuwa hapa?"

Dolina aliugusa mto. Ulikuwa bado una joto.